Samaki Asiye na Mama

Damu nzito kuliko maji, tunaambiwa tangu utotoni. Ila hatuambiwi ni damu ya nani. Katika familia nyingi jibu limeshaandaliwa: mtoto ni wa baba. Jina la pili ni la baba, ukoo ni wa baba, na mahari ikishatoka basi tumbo limelipiwa. Mama ni shamba, na shamba halidai mahindi. Najua wapo Waluguru na Wamakonde ambao kwa jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na huko mjomba ndiye mwenye sauti. Lakini tukikutana mjini, lugha inayoshinda ni ile ya shamba na mbegu.

Swali langu ni jepesi kulisema na gumu kulijibu: mzazi ni nani? Ni yule aliyetoa mbegu, au ni yule aliyetoa vitu vingine vyote? Nimelikuta swali hili mahali ambapo sikutegemea kabisa, yaani katika maabara ya samaki. Nivumilie kidogo, ndugu msomaji, nikueleze wanachofanya huko, halafu tubishane.

Samaki mwenyewe tunamjua. Ni sato, yule wa Nile, ambaye wataalamu humwita Oreochromis niloticus. Aliletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na leo anafugwa kwenye mabwawa ya nchi nyingi za dunia. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stirling, Scotland, walichapisha taarifa ya namna walivyopata sato mwenye jeni za baba peke yake. Mwaka 1998 Marengoni na Onoue nao wakachapisha ya kwao. Wote walitumia mionzi ya urujuanimno.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Jike anakamuliwa tumbo taratibu, mayai yanaingia kwenye bakuli kabla hayajakutana na dume. Yanatandazwa tabaka moja tu, kwa sababu mionzi ya urujuanimno haipenyi mbali. Yai likijificha chini ya mwenzake limepona. Kisha taa inawashwa. Ni ndugu wa zile taa zinazotumika kuua vijidudu kwenye maji ya kunywa na kwenye vyumba vya hospitali. Mayai yanatikiswa polepole ili kila moja ligeuke na kupigwa upande ule wenye kiini cha seli. Baada ya dakika chache vinasaba vya mama vimevurugika. Vipo, lakini havisomeki tena.

Baada ya hapo mayai huwekwa gizani au kwenye mwanga hafifu. Kwa nini? Kwa sababu yai lina kimeng'enya chake ambacho hutumia mwanga wa kawaida kurekebisha vinasaba vilivyoharibiwa na urujuanimno. Ukiliacha kwenye mwanga, yai linaanza kujitibu. Kwa hiyo linanyimwa mwanga. Niliposoma hapo niliweka karatasi chini nikavuta pumzi.

Halafu mbegu ya dume inaingia, nzima, haijaguswa. Sasa kuna tatizo: kiinitete kina nusu tu ya jeni kinazohitaji, yaani nusu ya baba. Kikiachwa hivyo kinakua kifupi, kimepinda, na hufa karibu na siku ya kuanguliwa. Dawa yake ni joto. Wanasubiri mpaka jeni za baba zimejinakili na seli inataka kugawanyika mara ya kwanza, ndipo wanalitumbukiza yai kwenye maji yenye nyuzi zaidi ya 40 kwa dakika chache. Mgawanyiko unakwama. Zile nakala mbili zinabaki ndani ya seli moja, na hesabu inatimia. Baba mmoja amehesabiwa mara mbili. Wanaopona ni wachache mno. Kuna majaribio ambayo hata samaki mmoja kwa kila mayai mia hakupatikana.

Na usidhani ukitumia mionzi kidogo utakuwa umemhurumia mama. Mwaka 1911 Mjerumani Oskar Hertwig alikuwa akichoma mbegu za chura kwa radiamu akaona ajabu. Vinasaba vikiharibika nusunusu, viinitete vinakufa kwa wingi. Vikiharibika kabisa, viinitete vinaishi muda mrefu zaidi. Mzazi aliyevurugwa nusu anaua. Aliyefutwa kabisa anapisha njia.

Utauliza, yote haya ya nini? Wanazo sababu, na si za kipuuzi. Ya kwanza, samaki wa namna hii ana nakala mbili zinazofanana za kila jeni, na kutokana naye unaweza kupata ukoo ambao samaki wake wote ni sawasawa. Kwa mtafiti hiyo ni mali. Ya pili, sato dume ana kromosomu X na Y, kwa hiyo nusu ya mbegu zake zina Y. Ukiirudufu unapata dume mwenye Y mbili, ambaye karibu watoto wake wote ni madume. Mfugaji anawapenda madume kwa sababu hukua haraka, na bwawa halijai vifaranga visivyo na soko. Ya tatu ndiyo iliyonigusa zaidi: mbegu za samaki zinaweza kugandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika zikakaa miaka, lakini mayai yao, makubwa na yenye chakula kingi ndani, hayagandishiki kirahisi hivyo. Kwa hiyo siku samaki fulani akitoweka, huenda kilichobaki kikawa ni mbegu tu kwenye mtungi. Hapo utahitaji yai la jamaa yake, ulifute, ulitumie.

Basi nikaenda kijiweni kwetu Kirumba, Mwanza, nikawasimulia washikaji. Mmoja akapiga meza. "Umeona? Hata sayansi inakubali. Mama ni mfuko tu. Mbegu ndiyo mtu."

Kijiwe kizima kikacheka, na mimi nikacheka, maana jamaa anajua kuchekesha. Lakini neno lile lilinikaa kooni. Sio la kuchekesha hata kidogo ukifikiria kazi linayofanya mitaani. Linatumika kumnyang'anya mjane watoto. Linatumika kumwambia binti aliyezalishwa akaachwa kwamba mtoto akifika miaka saba "wenyewe watakuja kumchukua". Wenyewe! Aliyeamka usiku miaka saba si mwenyewe.

Kwa hiyo nataka nijibu hoja ya mshikaji kwa kutumia samaki huyo huyo aliyemsherehekea.

Kwanza, tuhesabu ni nini kimefutwa na ni nini kimebaki. Kimefutwa kiini cha seli cha mama. Kimebaki yai. Ndani ya yai kuna chakula chote atakachokula kifaranga mpaka mdomo wake ufunguke. Kuna mitokondria, zile jenereta za seli zinazotengeneza nguvu, ambazo zina vinasaba vyao vidogo vya pekee, na hivyo ni vya mama. Tena kuna maagizo ambayo mama aliyaandika kabla yai halijatoka: saa za kwanza za maisha ya kiinitete zinaendeshwa kwa maagizo hayo, kwa sababu jeni za kiinitete chenyewe, hata ziwe za baba mtupu, bado zimelala. Yaani mama amefutwa jina, halafu nyumba inaendelea kuendeshwa kwa barua alizoacha. Bila barua hizo huyo "mtoto wa baba" hafiki hata jioni.

Pili, taa ile haina upande. Inaweza kugeuzwa. Ukichoma mbegu ya dume badala ya yai, mbegu hiyo bado inaweza kuliamsha yai, na ukiongeza joto au shinikizo unapata samaki mwenye jeni za mama tu. Kazi hiyo kwa kawaida ni rahisi kuliko ya kwanza. Kwa nini ni rahisi? Kwa sababu mbegu haikuja na mizigo mingi. Ukiichoma, kilichopotea ni vinasaba, basi. Sisemi hivi ili kijiwe kingine, cha akina dada, nacho kipige meza na kusema baba ni kiberiti tu. Nasema taa si hakimu. Ukimfanya awe hakimu leo kwa faida yako, kesho atakuhukumu na wewe.

Tatu, na hapa ndipo hoja ya mshikaji inapoanguka kabisa. Hizo "jeni za baba" amezitoa wapi? Nusu ni za mama yake. Kromosomu yake ya X, kwa sato dume wa kawaida, aliipata kwa mama yake na si kwingineko. Mbegu yenye X ikirudufiwa kwenye yai lililochomwa, anazaliwa binti: samaki jike, asiye na jeni hata moja ya mama aliyemtoa tumboni ndani ya kiini cha seli, lakini kromosomu zake zote mbili za X zinatoka kwa bibi. Umemchoma mama ili umbakize baba, na bibi amekuja kukaa sebuleni. Huwezi kuufuta upande wa kike kwenye ukoo, unaweza tu kurudi nyuma hatua moja ukamkuta ameketi anakusubiri.

Nne, tazama jinsi huyu wa baba mtupu alivyo dhaifu. Wewe na mimi tuna nakala mbili za karibu kila jeni, moja ya huku na moja ya kule. Baba akitoa jeni mbovu, mara nyingi ya mama inaifunika, na kinyume chake. Samaki huyu hana wa kumsitiri. Kila kasoro iliyojificha kwa baba inatokeza kwake mara mbili. Ndiyo sababu mojawapo wengi wao hufa. Nilidhani ukitoa mama utabaki na baba aliye bora. Kumbe unabaki na baba asiye na stara.

Sasa naomba niondoke kwa samaki nije kwa watu, kwa sababu jambo hili lipo kwetu, tena lina jina. Linaitwa mimba zabibu. Katika aina yake iliyo kamili, yai lisilo na kiini cha seli hukutana na mbegu, na mara nyingi mbegu hiyo moja hujirudufu. Hiyo ni ile ile kazi ya maabara, isipokuwa hapa hakuna taa wala mtafiti. Mwaka 1977 Kajii na Ohama walionyesha kwamba kromosomu za mimba hizo zote ni za baba. Na kinachokua si mtoto. Ni vifuko vilivyojaa maji, kama kishada cha zabibu, na baadhi ya wanawake hupata saratani baadaye wasipofuatiliwa.

Mamdogo wangu alipata mimba hiyo. Tumbo lilikua kupita miezi yake, kichefuchefu hakikuisha, kisha damu. Hospitali walimsafisha, wakamwambia ni zabibu kamili, na kwa miezi mingi alikuwa anarudi kupimwa damu kuhakikisha hakuna kilichobaki. Hayo aliyavumilia. Asichoweza kuvumilia ni kikao cha wakwe. Walisema tumbo lake limeoza. Walisema ameficha jambo. Mzee mmoja alisema mbegu nzuri imetupwa kwenye shamba bovu, na wote wakatikisa vichwa. Alirudi kwao na sanduku moja.

Fikiria kikao kile, ndugu msomaji. Wanamshtaki mwanamke kwa kiumbe ambacho hakikuwa na jeni yake hata moja ndani ya kiini cha seli. Kama ni kufuata sheria yao wenyewe, kwamba mbegu ndiyo mtu, basi kile kilikuwa cha kwao asilimia mia! Lakini ghafla sheria ilibadilika. Kikizaliwa kizuri ni mbegu, kikiharibika ni shamba. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba neno lile la kijiweni halijawahi kuwa elimu ya uzazi. Ni hesabu ya nani apewe na nani alaumiwe, na majibu yake yameandikwa kabla ya swali.

Wala sisemi alaumiwe mume. Hakufanya kitu. Yai limepoteza kiini chake, mbegu imejirudufu, hakuna mkosaji. Nilichotaka ni kikao kinyamaze, kimpe maji ya kunywa.

Kwa nini samaki anaweza kuishi na jeni za baba tu, na binadamu hawezi? Jibu lilianza kuonekana mwaka 1984, kwenye majaribio ya panya. Ilionekana kwamba kwa mamalia, baadhi ya jeni huwekwa alama na mzazi: hii imefungwa kwa sababu imetoka kwa mama, ile imefungwa kwa sababu imetoka kwa baba. Kiinitete chenye jeni za baba tupu hujenga zaidi kondo la nyuma, mwili wa mtoto ukabaki duni. Chenye za mama tupu, kondo ndilo linakuwa duni. Kila mmoja ameshika nusu ya ufunguo. Ni kweli kwamba mwaka 2025 watafiti wa China walitangaza panya waliofikia utu uzima wakiwa na jeni za mababa wawili. Lakini ilibidi kwanza alama hizo zirekebishwe moja moja kwa mikono ya watu, na hata hapo lilihitajika yai la panya jike, na tumbo la panya jike.

Je, basi nasema kazi hii ya kuchoma mayai ni dhambi? Hapana. Nimeifikiria sana na sioni sababu ya kuilaani. Mayai mengi hufa, na hilo si jambo la kulichekea, lakini mvuvi na mfugaji nao wanaua, na mimi sato ninamla kwa ugali mwisho wa wiki. Tena kuna siku taa hii inaweza kuwa rehema. Yule ngege wa asili wa Ziwa Victoria, Oreochromis esculentus, karibu ametoweka kwenye ziwa kubwa baada ya sangara na sato wa Nile kuingia. Amebaki kwenye viziwa vya pembeni kama Kanyaboli, Kenya. Tuseme naye ametoweka huko, na tuna mbegu zake kwenye mtungi. Tungeweza kujaribu yai la sato, huyu huyu aliyesaidia kumfukuza. Samaki atakayetoka angekuwa ngege kwa sura na jeni, lakini jenereta za seli zake zingekuwa za sato. Mimi ningemwita ngege. Ila ningeandika pia, pembeni ya jina lake, kwamba alibebwa na sato.

Hilo tu ndilo ninalodai, kwa samaki na kwa watu. Mwenye kubeba aandikwe.

Nasikia pingamizi: kama jeni si kila kitu, mbona kipimo cha vinasaba kinatumika kumbaini baba anayekwepa kulea? Kitumike! Jeni ni jambo la kweli. Zinaonyesha nani alikuwepo. Hazionyeshi nani alibaki. Baba wa kambo aliyelipa ada, bibi aliyelea wajukuu watano kwa kuuza vitumbua, mama aliyebeba miezi tisa: hawa wote kipimo hakiwaoni au kinamwona mmoja tu, lakini mtoto anawajua. Mtu akisema "huyu ni wangu" tumuulize maswali mawili, siyo moja. Ulitoa nini? Na ulibaki?

Tena sato katika maji yake analijibu swali la pili kuliko sisi. Dume huchimba kiota na kuwafukuza wapinzani. Mayai yakishatagwa, jike huyakusanya yote mdomoni. Hukaa nayo humo siku kumi au zaidi, mdomo umefungwa, karibu hali kitu, maji yakipita kwenye mayai yapate hewa. Hata vifaranga wakishatoka, wakiona hatari hukimbilia mdomoni mwake. Maabara ikitaka kuyakuza mayai bila yeye, inabidi itumie vyombo vinavyopitisha maji na kuyatikisa mchana na usiku, yaani itengeneze mdomo wa bandia. Wanasayansi walimfuta kwenye jeni, lakini kazi yake hawakuweza kuifuta. Iliwabidi waifanye wao.

Nyinyi mnaoandika, mnaotaka kuandika, mna jambo la kufanya hapa. Acheni ile methali ya shamba na mbegu kwenye hadithi zenu. Imechoka, na ina damu za watu. Mkitaka picha ya mzazi, mnayo: samaki mwenye njaa, amefunga mdomo, na wanawe wamo ndani.